Kuifufua Bustani Iliyomezwa na Nyasi

(Maneno ya somo lililosomwa katika redio kwa madarasa ya watu wazima wa Wilaya za Ngara na Biharamulo. Mmoja asome kwa sauti, wengine wafuatishe kwa kidole.)

Natumaini mmekwisha kukaa karibu na redio, na kila mmoja anayo kalamu yake na daftari lake. Na wale waliokuja darasani moja kwa moja kutoka shambani, jembe mkononi, karibuni pia. Leo jembe nalo linasoma pamoja nasi.

Somo letu ni habari ya bustani ya nyumbani iliyoachwa ikageuka pori. Nadhani hakuna kijiji kisichokuwa nayo. Mwenye nyumba aliugua muda mrefu, au alikwenda Geita kutafuta kazi katika machimbo ya dhahabu, au alifariki na watoto wake wako mbali. Misimu mitatu ikapita, ikapita minne. Nyasi zikaingia kati ya migomba, kishona nguo kikajaa mpaka mlango wa jiko, na miti ya porini ikaota mahali palipokuwa pa mchicha. Kisha siku moja mtu anarudi. Anasimama uani, anatazama, wala hajui aanzie wapi. Na kila apitaye njiani humpa shauri lile lile: "Choma moto, kesho utalima."

Mimi nasema, usichome. Hilo ndilo neno langu la leo, na mengine yote nitakayosema ni maelezo yake.

Msidhani nasema hivyo kwa sababu nimesoma chuoni. Nasema kwa sababu mimi mwenyewe nilichoma. Baba yangu alipofariki, bustani ya nyumbani kwetu, Biharamulo, ilikaa bila mtu, maana mama alikuwa akiishi kwa dada yangu. Baada ya miaka minne mama akataka kurudi kwake. Nami nikaona ni heshima kumtengenezea mahali kabla hajafika. Ulikuwa mwezi wa Agosti, nyasi zimekauka zote. Nikatia moto asubuhi, na hata saa sita mchana pakawa peusi, safi kabisa. Nilifurahi sana. Nikabakiza kipande kimoja tu nyuma ya nyumba, kwa kuwa kilikuwa karibu mno na ukuta nikaogopa kuunguza nyumba.

Mama akafika kwa basi jioni ya siku ya tatu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mama." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," huku akitazama uani. Akakaa kitako penye kizingiti, akanyamaza. Halafu akasema, "Mwanangu, umeniunguzia blanketi langu."

Sikumwelewa. Nilimwelewa mwezi wa Oktoba, mvua za kwanza ziliponyesha. Ninyi mnajua mvua za kwanza za huku kwetu zilivyo: hazianzi kwa manyunyu, hupiga. Maji yalishuka katika ile ardhi nyeusi iliyo tupu, yakachukua majivu, na baada ya majivu yakachukua udongo, yakatoka njiani mekundu. Mchicha niliokuwa nimeupanda ulikwenda nao. Migomba miwili iliyoungua kiunoni haikutoa mkungu mwaka ule. Mama alinunua mboga kwa fedha mpaka mwezi wa Februari, mtu aliyezaliwa na kukua katika bustani. Walakini kile kipande cha nyuma ya nyumba, nilichokiacha kwa woga, alikifyeka mwenyewe polepole na kukilima. Ndicho kilichomlisha baadaye.

Basi, kwa nini mama aliziita nyasi blanketi? Hebu tufanye jaribio dogo. Saa saba mchana, siku ya jua kali, weka kiganja chako juu ya udongo ulio wazi. Huwezi kukiacha hapo muda mrefu, utaungua. Kisha funua nyasi zilizolala hapo karibu, ukaweke kiganja chini yake. Utaona udongo ni wa baridi, na mara nyingi una unyevu, hata kama mvua haijanyesha kwa majuma mengi. Utaona pia wadudu wadogo na minyoo ya ardhi. Hao ndio vibarua wako. Hula majani yaliyooza, huyageuza kuwa mbolea, na hutoboa vijia ambavyo maji ya mvua huingilia ardhini. Moto ukipita juu, huondoa kivuli, huondoa chakula chao, na hao vibarua hufa au huhama. Majivu yana faida yake, sikatai, lakini faida hiyo ni ya siku chache, na upepo na maji huichukua upesi.

Jambo hili lina uzito zaidi kwetu kuliko kwa ndugu zetu wa Bukoba. Wao wakaao kando ya Ziwa Victoria hupata mvua ifikayo milimita 2,000 kwa mwaka. Sisi wa Ngara na Biharamulo hupata kama nusu yake tu, nayo huja mara mbili: tangu Oktoba hata Desemba, na tangu Machi hata Mei. Kuanzia Juni hata Septemba ni jua tupu na vumbi. Mtu wa Bukoba akikosea, mvua humsamehe. Sisi hatusamehewi. Hata hivyo huko Bukoba nako wana neno lao, kikamba, maana yake shamba la migomba lililochoka kwa kukosa samadi na nyasi za kulifunika. Wazee waliona zamani ya kwamba kibanja ni kama mtu: ukikinyima chakula na nguo hudhoofika.

Haya, na tuanze kazi. Kazi ya kwanza haitaki jembe, yataka macho na fimbo.

Vaa viatu vya mpira au viatu vizito, chukua fimbo ndefu, uingie asubuhi jua lisipokuwa kali. Piga nyasi kwa fimbo mbele yako kabla ya kukanyaga, maana mahali palipoachwa ndipo nyoka hupenda kukaa. Kifutu hasa ni mvivu, hakimbii upesi kama nyoka wengine, naye hufanana na majani makavu. Mtu akiumwa na nyoka, msimchanje, msifunge kamba kwa nguvu, wala msimnyonye sumu. Mlazeni atulie, mguu usicheze, mkampeleke hospitali upesi. Watoto wasiingie mpaka umekwisha kufyeka.

Tembea bustani nzima, uangalie ni nini kilicho hai. Utashangaa. Mahali palipokuwa jalala la jiko, utakuta mchicha umejiotea, na mnavu, na mgagani, ule ambao jirani zetu wa Rwanda huuita isogi. Mboga hizi hazikuomba ruhusa ya mtu. Zimestahimili kiangazi bila kunyweshwa, basi ni mboga zinazolijua jua letu. Usizing'oe. Chagua miche iliyo bora, uiache ikomae, upate mbegu bila kutoa senti. Huenda ukakuta pia matembele yaliyotambaa chini ya nyasi, boga, mpapai, au mche wa parachichi ulioota kutokana na kokwa iliyotupwa.

Kila kitu kizuri ukionacho kifungie kitambaa au ukambaa wa mgomba, kisije kikakatwa kwa bahati mbaya. Nanyi mnaojua kuandika sasa, andikeni jina la mmea na tarehe katika daftari. Mwanafunzi mmoja alipata kuniuliza, "Mwalimu, nikisha kujua kusoma, nisome nini?" Soma bustani yako uliyoiandika mwenyewe. Mwaka ujao daftari hilo litakuambia mchicha uliota lini, na mvua ilianza lini.

Sasa twaja kwenye migomba. Hapa naomba mnisikilize vizuri, na msomaji asome polepole.

Usiguse mgomba hata mmoja kwa panga kabla hujaukagua. Kuna ugonjwa uitwao mnyauko wa migomba. Uliingia Uganda mwaka 2001, na mwaka 2006 ukaonekana katika mkoa wetu wa Kagera. Umefuta vibanja vingi. Huletwa na vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na moja ya njia zake kubwa za kusafiri ni panga. Mtu hukata mgomba mgonjwa, kisha kwa panga lile lile hukata majani ya mgomba mzima, na hivyo huupanda ugonjwa kwa mkono wake. Katika bustani iliyoachwa hakuna aliyekuwa akiangalia, kwa hiyo ugonjwa waweza kuwamo bila mtu kujua.

Dalili zake ni hizi. Majani hunyauka na kuwa manjano, hukatika kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Ndizi huiva kabla ya wakati, nyingine manjano na nyingine kijani katika mkungu mmoja. Ukiipasua ndizi, ndani yake ina madoa ya rangi ya kutu. Ukikata shina, baada ya muda kidogo hutoka utomvu mzito wa rangi ya manjano. Ukiona hayo, shina hilo ni gonjwa. Likate karibu kabisa na ardhi, uliondoe kando ya migomba mingine, na ulichokata kisihamishwe kwenda shamba jingine. Usichukue chipukizi kutoka shina hilo kupanda wala kumpa jirani. Endelea kuyaangalia mashina yaliyobaki kila juma. Kama mashina yote ya tundu moja yameugua, ng'oa lote, na mahali hapo usipande mgomba tena kwa nusu mwaka walau. Panda maharage au viazi vitamu. Kisha mwarifu Bwana Shamba au Bibi Shamba wa kata yako. Si aibu. Mwizi akiingia nyumbani kwako si wapiga kelele?

Na panga je? Kila umalizapo kukata tundu moja, pitisha makali yake juu ya moto mpaka yawe ya moto yasiyoshikika, ndipo uende kwenye tundu jingine. Washa moto mdogo wa mafiga matatu pale pale shambani. Moto wa namna hiyo naukubali! Dawa ya kung'arishia nguo, hiyo mnayoiita jiki, nayo hufaa, lakini moto hauuzwi dukani.

Njia nyingine ya ugonjwa ni nyuki na wadudu warukao. Hawa hufuata ile nundu nyekundu inayoning'inia mwisho wa mkungu, ambayo wataalamu huiita ua dume. Mara chane cha mwisho kinapokwisha kutokea, liondoe ua hilo. Usilikate kwa panga. Chukua mti mrefu wenye panda, kama manati, uingize shingo ya ua katika panda, uzungushe mpaka livunjike. Ni kazi ya dakika moja, hata mtoto wa darasa la tano aiweza. Mkungu haupungukiwi kitu.

Migomba ikiwa mizima, ipunguze. Tundu lililoachwa miaka mingi huwa na mashina 8 au 10 yanayogombania maji ya mtu mmoja. Bakiza matatu: mama mwenye mkungu, binti anayekua, na mjukuu anayechipuka. Mashina ya zamani yaliyokwisha kuvunwa yakate chini, uyapasue vipande vipande yakauke upesi, maana fukusi wa migomba hutaga katika shina zima linalooza. Vipande hivyo vitandaze chini. Shina la mgomba lina maji mengi, na katika kiangazi hilo ni jambo kubwa.

Habari ya mibuni nitaisema kwa kifupi, kwa kuwa itapata somo lake. Mbuni uliozeeka na kurefuka waweza kukatwa ukabaki kisiki cha urefu wa goti hivi, nao huchipua upya. Usikate yote mwaka mmoja, usije ukakosa kahawa kabisa.

Sasa tunakuja kwenye nyasi zenyewe. Kosa la pili baada ya moto ni kutaka kumaliza yote kwa mara moja. Mtu hukodi vibarua watano, hufyeka bustani nzima mwezi wa Julai, halafu hana maji wala nguvu za kuitunza. Udongo hukaa wazi miezi mitatu, na Oktoba magugu huota yote kwa pamoja. Anza na kipande kidogo karibu na jiko, hatua 10 kwa hatua 10. Kikishakaa sawa, ongeza kingine. Nyasi za mahali ambapo hujafika waache walinzi wako. Zinakulindia udongo mpaka utakapokuja.

Fyeka nyasi karibu na ardhi, uzilaze pale pale. Hayo ndiyo matandazo. Unene wake uwe kama kiganja kilicholala kwa ubavu, wala yasigusane na mashina ya mimea, yasije yakayaozesha au kuleta mchwa. Lakini magugu si ya tabia moja. Kishona nguo kilichokwisha kuzaa, ukikitandaza, umepanda kishona nguo. Magugu yenye mbegu yatie katika shimo la taka pamoja na maganda na samadi, au yafukie.

Na kuna sangari. Hii ni nyasi itambaayo chini ya ardhi kwa mizizi myeupe migumu kama waya. Ukiikata vipande kumi kwa jembe, kila kipande huwa sangari mpya. Hapa kiangazi ni rafiki yetu. Chimbua kwa jembe la uma, au kwa jembe la kawaida pamoja na mikono, uitoe mizizi mizima, uianike juu ya mawe au bati siku nyingi mpaka ivunjike kama njiti ya kiberiti. Ndipo itiwe katika matandazo. Kazi hii inachosha mgongo, sitawadanganya. Lakini ukiifanya wakati wa mvua ni bure kabisa, maana sangari itaota nyuma yako kabla hujageuka.

Wenzetu Wamatengo wa Mbinga, mkoa wa Ruvuma, wana ufundi wao ambao yafaa tuujue. Wao hulima milimani, penye miteremko kuliko Ngara. Hawachomi nyasi. Huzifyeka, huzilaza kwa mistari inayokatana ikawa miraba, kisha huchimba udongo katikati ya kila mraba na kufunika zile nyasi kwa udongo huo. Mlima huonekana kama sega la nyuki. Maharage hupandwa juu ya matuta yenye nyasi zinazooza ndani, na mashimo hushika maji ya mvua yasiporomoke. Huyaita ngoro, na wameyafanya kwa zaidi ya miaka 100. Ninyi mliojenga kwenye miteremko ya Ngara, jaribuni mraba mmoja au miwili tu mwezi wa Septemba, kabla ya mvua. Hapo magugu yenu yatakuwa yamegeuka mbolea mbele ya macho yenu.

Neno la mwisho ni maji. Wengi tumezoea kuinua matuta ya mboga. Wakati wa mvua ni vizuri, kwa kuwa maji hupita. Wakati wa kiangazi tuta lililoinuliwa hukauka pande zote, kama nguo juu ya kamba. Basi kiangazi tufanye kinyume: tufanye jaruba dogo, kama wafanyavyo wakulima wa mpunga. Upana wake mita 1, urefu mita 4. Ondoa udongo wa juu uuweke kando, chimba kina cha kiwiko, tia majani na samadi iliyooza, kisha rudisha ule udongo, lakini mahali pa kupandia pawe chini ya ardhi ya pembeni kwa upana wa kiganja. Maji utakayomwaga hayana pa kukimbilia. Samadi iwe ya zamani, isiyotoa moto wala harufu kali. Samadi mbichi huunguza mche.

Sasa chukueni kalamu, tufanye hesabu. Mboga katika jua letu zataka kama lita 5 za maji kwa kila mita moja ya mraba. Jaruba letu lina mita 4 za mraba. Lita 5 mara 4 ni lita 20, yaani debe moja. Ukiwa umetandaza nyasi vizuri, waweza kumwagilia kila siku ya tatu badala ya kila siku. Basi mwenye majaruba matatu hutumia debe moja kwa siku: leo la kwanza, kesho la pili, kesho kutwa la tatu. Asiye na matandazo angehitaji madebe matatu kila siku. Mama au binti anayepanda mlima wa Ngara na debe kichwani aniambie kama tofauti hiyo ni ndogo.

Debe hilo moja, robo yake au nusu yake hupatikana nyumbani. Maji ya kuoshea mboga na vyombo yamwage katika jaruba, chini, si juu ya majani. Maji ya kufulia yenye sabuni nyingi yapeleke kwenye migomba. Na kama una bati, pima paa lako. Paa la mita 6 kwa mita 5 lina mita 30 za mraba. Mvua ya milimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Kwa hiyo mvua moja ya milimita 10 huleta lita 300, nayo ni madebe 15. Mengine yatamwagika, tuseme unapata madebe 12. Yakiwa katika mapipa yenye vifuniko, ili mbu wasizae humo, hayo ni maji ya siku 12 kwa majaruba yako matatu. Hayatamaliza kiangazi, lakini yatakusukuma hata katikati ya Juni, na yatakuokoa Novemba mvua zikikatika ghafula, jambo ambalo limekuwa likitokea.

Mwagilia alfajiri au jioni. Kwa kiangazi panda vitu vyepesi: mchicha, ambao huanza kuchumwa baada ya majuma matatu au manne, mgagani, na matembele. Maharage na mahindi yangoje Oktoba. Upande wa magharibi wa majaruba panda mpapai au weka kichanja cha majani, kwa sababu jua la alasiri ndilo liunguzalo zaidi. Miti tuliyokuwa nayo zamani ingetusaidia, lakini wenye umri wanakumbuka mwaka 1994, wakimbizi kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa mamia ya maelfu na kupiga kambi Ngara. Watu wale walihitaji kuni za kupikia, na hadi waliporudi kwao Desemba 1996 vilima vingi vilikuwa vimebaki wazi. Sisemi kwa kulaumu. Nasema kwa sababu mti mmoja ukiupanda leo karibu na jiko, una kazi ya kulipa deni la miti mingi.

Wazee wengine hapa watakumbuka masomo ya redio ya "Mtu ni Afya" mwaka 1973 na "Chakula ni Uhai" mwaka 1975, ambayo watu waliyasikiliza kwa vikundi chini ya miti, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kulima mboga pamoja. Nasi tufanye vivyo hivyo. Maswali ya kuzungumza darasani ni haya:

Katika kijiji chenu, ni bustani ngapi zilizoachwa, na ni nani kati ya wenye bustani hizo anayehitaji kusaidiwa kufyeka?

Mwenye jaruba la upana wa mita 1 na urefu wa mita 6, anahitaji lita ngapi za maji kwa kumwagilia mara moja? Hizo ni debe moja na nusu, au zaidi?

Mgomba una mkungu ambao ndizi zake nyingine zimeiva na nyingine bado. Utafanya nini kwanza, na panga lako utalifanyaje?

Juma lijalo kila mtu aje na mmea mmoja aliouona katika bustani iliyoachwa, umefungwa katika karatasi, na jina lake limeandikwa juu kwa mkono wake mwenyewe. Kama hajui jina, aandike mahali alipouona. Msilete kitu chochote cha mgomba, hata jani. Tutaitaja mimea hiyo mmoja mmoja, na mama yangu ameniahidi kuja studioni.